Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nafasi ya Kiswahili katika Mihadhara ya Kemia kwa Umma

Ikisiri

Idara za kemia katika vyuo vikuu vingi huandaa semina za hadhara na kuwaalika wasemaji kutoka nje. Makala haya yanachunguza kinachoifanya semina ya aina hiyo imfae msikilizaji asiye mwanakemia. Mfano mkuu ni mihadhara ya Taasisi ya Kifalme ya London katika karne ya 19, hasa ile ya Michael Faraday kuhusu mshumaa. Inabainishwa kwamba ufanisi wa mihadhara hiyo ulitegemea lugha sawa na ulivyotegemea majaribio, na kwamba mwanakemia huyo alimwendea mjuzi wa lugha kabla ya kuutangazia ulimwengu istilahi zake. Mwishoni, makala yanaonyesha jinsi wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya wanavyoweza kulitumia funzo hilo, kwa kuzingatia mfano wa jiko la makaa.

Utangulizi

Tangazo la semina ya idara ya kemia halina mambo mengi. Huwa na jina la mgeni, chuo anakotoka, mada, ukumbi na saa. Chini kabisa huandikwa kwamba watu wote wanakaribishwa. Siku ikiwadia, mgeni hutambulishwa, huzungumza kwa muda wa saa moja hivi, kisha hupokea maswali. Wahadhiri hupata habari za utafiti unaoendelea kwingineko, wanafunzi wa uzamili humwona kwa macho mtu ambaye wamekuwa wakisoma kazi zake, na mgeni naye huondoka na maswali ambayo hakuwa amejiuliza. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hekima yao ilitosha kuingia hata maabarani.

Hata hivyo, yale maneno ya mwisho ya tangazo yanahitaji kutazamwa kwa makini. Watu wote wanakaribishwa, lakini ni nani huja? Mlango huwa wazi na hakuna kiingilio. Ilhali mpishi wa bweni, mlinzi wa lango, mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani na hata mwanafunzi wa isimu hupita nje ya ukumbi wakaenda zao. Aghalabu kinachowazuia ni lugha. Kwanza, kuna lugha ya kufundishia, ambayo katika vyuo vikuu vya Kenya ni Kiingereza. Pili, kuna lugha ya taaluma yenyewe, iliyosheheni istilahi ambazo hata msemaji mahiri wa Kiingereza huenda asizielewe.

Ni muhimu basi kutofautisha mambo mawili. Semina ya kitaalamu ni baraza la watu wa fani moja. Humo msemaji ana haki ya kutumia istilahi bila kuzieleza. Mhadhara wa hadhara ni ahadi kwa mtu wa nje kwamba akija ataondoka na kitu. Idara inayoandika kwamba watu wote wanakaribishwa imetoa ahadi hiyo ya pili, na haina budi kuitimiza. Swali la makala haya ni: ahadi hiyo hutimizwaje?

Taasisi ya Kifalme na Mwanagenzi wa Kujalidi Vitabu

Taasisi ya Kifalme iliasisiwa London mwaka 1799 kwa nia ya kueneza maarifa ya sayansi na kuyatumia katika shughuli za kawaida za maisha. Mwaka 1801 iliajiri kijana wa miaka 22 aitwaye Humphry Davy. Davy alikuwa mtafiti hodari. Mwaka 1807 alitumia umeme kuzitenga potasiamu na sodiamu kwa mara ya kwanza. Lakini umaarufu wake mjini ulitokana na mihadhara. Wanaume kwa wanawake walimiminika kumsikiliza, na inasimuliwa kwamba magari ya farasi yaliziba Mtaa wa Albemarle hata ikabidi yaruhusiwe kupita upande mmoja tu.

Miongoni mwa wasikilizaji hao alikuwamo Jane Marcet. Yeye alitambua kwamba si rahisi kwa mtu asiye na msingi kuufuata mhadhara wa kemia anapousikia mara moja tu. Alipoyatafakari mambo hayo upya kwa kuzungumza na rafiki, yalimwelea. Kwa sababu hiyo aliandika kitabu cha kemia kilichotoka mwaka 1806, kwa muundo wa mazungumzo baina ya mwalimu wa kike na wasichana wawili wanaouliza na kujibiwa.

Kitabu hicho kilifika katika karakana moja ya kujalidi vitabu. Mwanagenzi wa hapo, Michael Faraday, alikuwa mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791 na kupata elimu ya shule kidogo tu. Alikuwa na mazoea ya kusoma vitabu alivyopewa kujalidi, na ndani ya kitabu cha Marcet akaipata kemia. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara ya mwisho ya Davy. Faraday alisikiliza, akaandika, akachora vyombo alivyoviona, kisha akayajalidi maandishi yake na kumpelekea Davy. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kugundua benzini mwaka 1825 na kuonyesha mwaka 1831 jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme.

Mlolongo huu una mafunzo. Mhadhara ulizaa kitabu. Kitabu kikamfikia kijana asiye na shahada. Kijana akaja kwenye mhadhara. Na mhadhara ukampa ulimwengu mwanasayansi. Lau Davy na Marcet wangalizungumza kwa ajili ya wajuzi wenzao tu, mlolongo ungekatika mwanzoni.

Mshumaa kama Mwalimu

Kuanzia miaka ya 1820, Faraday alisaidia kuiweka misingi ya mihadhara ya Ijumaa jioni na ile ya Krismasi iliyokusudiwa vijana. Yeye mwenyewe alitoa mihadhara ya Krismasi katika misimu 19. Mfululizo uliovuma zaidi ni ule wa mihadhara sita kuhusu kemia ya mshumaa, alioutoa msimu wa 1848 na kuurudia msimu wa 1860. William Crookes aliuhariri ukatoka kama kitabu mwaka 1861.

Kwa nini mshumaa? Kwa sababu hapakuwa na mtoto ukumbini ambaye hakuwa ameuona. Faraday alianza na kile ambacho macho yao yalikijua lakini akili zao hazikuwa zimekiuliza. Nta iliyo karibu na mwali huyeyuka na kufanya kijikombe. Nta iliyoyeyuka hupanda kwenye utambi. Kisha hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ili kuthibitisha, aliingiza mrija wa kioo katika sehemu nyeusi iliyo katikati ya mwali. Mvuke ulipita ndani ya mrija, naye akauwasha kwenye ncha ya pili.

Baada ya hapo aliuliza mwangaza unatoka wapi. Ukiweka kitu baridi juu ya mwali, hupakwa masizi. Masizi hayo ni chembe za kaboni, na chembe hizo zikipata joto kali ndani ya mwali hung'aa. Kisha akauliza mshumaa huenda wapi unapokwisha. Aliweka chombo chenye barafu juu ya mwali, matone yakajikusanya. Akayagusisha na potasiamu, nayo ikashika moto kama inavyofanya ndani ya maji. Kwa hivyo mshumaa hutoa maji. Alipoipitisha hewa iliyotoka kwenye mwali katika maji ya chokaa, yaligeuka meupe, ishara ya kaboni dioksaidi. Katika mhadhara wa sita aliuunganisha mwako wa mshumaa na pumzi ya binadamu: sisi nasi huchukua oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi.

Yafaa kuangalia mpangilio wa lugha katika ufundishaji huo. Kitu kilikuja kwanza, tukio likafuata, na jina likaja mwisho. Msikilizaji hakupewa istilahi kabla ya kuona kinachoitwa kwa istilahi hiyo. Hakika hapa pana kanuni ambayo mwalimu yeyote wa lugha huijua: msamiati mpya hukaa akilini pale unapokuta mahali palipokwisha kutengenezwa.

Barua ya Mwaka 1834

Kuna upande mwingine wa Faraday usiotajwa sana katika madarasa ya kemia. Katika miaka ya 1830 alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyozivunja kampaundi zilizo katika hali ya umajimaji. Majina yaliyokuwapo yalimkwaza, kwa kuwa yalibeba nadharia ambazo hakuziamini. Alihitaji maneno mapya. Mwaka 1834 alimwandikia William Whewell, mwanachuoni wa Cambridge aliyebobea katika Kigiriki, falsafa na historia ya sayansi. Whewell ndiye pia aliyebuni neno ambalo Waingereza hulitumia hadi leo kumwita mwanasayansi.

Whewell alipendekeza maneno ambayo kwa Kiswahili yametoholewa kuwa anodi, kathodi na ioni. Katika Kigiriki, anodi ni njia ya kupanda, kathodi ni njia ya kushuka, na ioni ni kiendacho. Faraday alisita mwanzoni, wakajadiliana kwa barua, hatimaye akakubali. Leo hakuna mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma kemia asiyekutana na maneno hayo.

Jambo hili linajibu hoja inayosikika mara kwa mara kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi kwa kuwa kinapungukiwa na istilahi. Mwaka 1834 Kiingereza nacho kilipungukiwa. Kilichofanyika ni kwamba mwanakemia na mjuzi wa lugha walikaa pamoja, wakakopa mizizi kutoka lugha nyingine, na kuunda walichohitaji. Upungufu wa istilahi ni kazi inayosubiri watu, wala si kasoro ya maumbile ya lugha.

Hali kadhalika, si kila jina linalopendekezwa hudumu. Tarehe 30 Aprili 1897, J. J. Thomson alitoka Cambridge akaja kuzungumza katika mhadhara wa Ijumaa jioni wa Taasisi hiyohiyo. Mgeni huyo alitangaza kwamba kuna chembe ndogo kuliko atomi. Ugunduzi wake ulidumu, lakini jina alilolipa chembe hizo halikudumu; wanasayansi walipendelea elektroni, neno lililokuwa limependekezwa na George Johnstone Stoney mwaka 1891. Istilahi hupendekezwa na wataalamu, ila hukubaliwa au kukataliwa na watumiaji.

Kiswahili Kina Nini Tayari?

Mtu akiurudia mhadhara wa mshumaa kwa Kiswahili atashangaa jinsi msamiati wake ulivyo wa nyumbani. Nta, utambi, mwali, masizi, moshi, mvuke, majivu na chokaa ni maneno ambayo mja yeyote anayajua. Pale yanapohitajika maneno ya kitaalamu, lugha ina njia zake. Kwa unyambuaji, tuna mwako kutokana na kuwaka, myeyuko kutokana na kuyeyuka, na mvukizo kutokana na kuvukiza. Kwa kupanua maana, kichocheo limetoka katika matumizi ya kawaida na kupewa maana ya kitu kinachoharakisha mmenyuko. Kwa utohozi, tuna oksijeni, atomi, asidi na molekuli. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, ushahidi kwamba kazi hii ilianza kitambo.

Tatizo la Kenya ni la mgawanyo. Mwanafunzi wa kemia amejifunza dhana kwa Kiingereza tangu shuleni, na hazijui istilahi za Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzitaja njia za uundaji wa istilahi bila kuijua dhana inayohitaji jina. Kila mmoja ana nusu ya mhadhara. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini Katiba haiwezi kuziunganisha nusu hizo mbili. Hiyo ni kazi ya idara na vyama vya wanafunzi.

Jiko: Pale Neno Linapookoa au Kuangamiza

Umuhimu wa jambo hili hauishii darasani. Katika majira ya baridi, familia nyingi huingiza jiko la makaa ndani ya chumba na kufunga madirisha. Moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, watu huamini kwamba hatari imepita. Kemia inasema kinyume. Makaa yakipata hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni kuwa kaboni dioksaidi. Hewa ikipungua, hutokea pia kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na akiwa usingizini huenda asiamke.

Sasa na izingatiwe lugha. Kwa Kiswahili, kaboni dioksaidi huitwa pia hewa ukaa. Neno hilo humkumbusha msikilizaji makaa. Katika mazungumzo ya kawaida, hewa ukaa hutumika kwa gesi tunayoitoa tunapopumua, kwa gesi inayolaumiwa kwa ongezeko la joto duniani, na pia kwa ile inayoua watu vyumbani. Anayesikia kwamba hewa ukaa ndiyo tunayoipumua nje kila siku, na kwamba jiko nalo hutoa hewa ukaa, ana haki ya kuuliza: basi hatari iko wapi? Dhana mbili zimepewa jina moja, na mkanganyiko huo unaweza kugharimu uhai. Mhadhara unaotenganisha majina hayo na kuonyesha tofauti zake umefanya kazi ya kemia na ya isimu kwa wakati mmoja.

Mfano wa pili ni wa pombe haramu. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Ethanoli ndiyo alkoholi iliyo katika vileo vya kawaida. Methanoli huonekana vivyo hivyo machoni, lakini mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hudhuru neva za macho na hata kuua. Mtaani zote mbili huweza kuitwa spiriti. Tofauti ambayo lugha haiitaji, msikilizaji hataijua.

Namna ya Kuandaa Mhadhara

Chama cha Kiswahili kinaweza kushirikiana na idara ya kemia kwa hatua zifuatazo:

1. Mgeni aombwe muhtasari wa mada yake wiki mbili kabla. Wanafunzi wa Kiswahili na wa kemia wakae pamoja wachague istilahi kumi zisizoepukika na kuzitafutia visawe, wakianza na kamusi zilizopo kabla ya kubuni.

2. Mada ijengwe juu ya kitu kimoja cha nyumbani. Badala ya mshumaa wa Faraday, koroboi inatosha. Magadi yanayotumiwa kulainishia chakula yanaweza kumfikisha msikilizaji kwenye Ziwa Magadi na kemia ya kaboneti ya sodiamu. Sabuni nayo haina mwisho wa maswali.

3. Jaribio litangulie jina. Wasikilizaji waone maji ya chokaa yakigeuka meupe, ndipo waambiwe ni gesi gani imefanya hivyo.

4. Muda usizidi saa moja. Faraday alipokuwa na umri wa miaka 21 tu alimwandikia rafiki yake kuhusu mihadhara aliyoihudhuria, akashauri kwamba saa moja inatosha.

5. Mgeni asiyejua Kiswahili apewe mkalimani aliyeandaliwa kwa ile orodha ya istilahi, na maswali yaruhusiwe kwa Kiswahili. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kwa lugha usiyoimudu mbele ya kadamnasi huogofya.

6. Muhtasari uandikwe na kuchapishwa. Maandishi ya mwanagenzi ndiyo yaliyomfungulia mlango, na uhariri wa Crookes ndio uliouhifadhi mshumaa.

Siku ya kuanzia inajulikana. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vyama huiadhimisha kwa mashairi, maigizo na hotuba kuhusu lugha. Mhadhara mmoja wa kemia kwa Kiswahili siku hiyo ungeonyesha lugha ikifanya kazi, minghairi ya kusifiwa tu. Tena Julai ni mwezi wa baridi, na majiko yamo ndani ya vyumba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba semina ya hadhara haifanywi kuwa ya hadhara na tangazo. Taasisi ya Kifalme ilifaulu kwa kuwa wasemaji wake walianza na vitu vinavyojulikana, walitaja majina baada ya kuonyesha vitu, na hawakuona haya kumwendea mjuzi wa lugha walipokwama. Kiswahili kina msamiati wa kuanzia na njia za kuunda uliosalia. Kinachokosekana ni watu wa idara mbili kuketi meza moja. Mwanafunzi wa Kiswahili asisubiri kualikwa; tangazo limekwisha kusema kwamba watu wote wanakaribishwa. Na aende na kamusi yake, ili mgeni anapokuja, mwenyeji apone kweli.

Maswali ya Kujadili

1. Je, ipi inafaa zaidi kwa mhadhara wa umma: hewa ukaa au kaboni dioksaidi? Toa sababu za kiisimu na za kikemia.

2. Pendekeza jina la Kiswahili la kaboni monoksaidi ambalo msikilizaji hataweza kulichanganya na jina la gesi nyingine.

3. Chagua kifaa kimoja cha jikoni. Orodhesha maneno ya Kiswahili yanayohitajika kueleza kemia yake, kisha uonyeshe ni yapi yaliyopo na ni yapi ya kuundwa.

4. Linganisha muundo wa kitabu cha Jane Marcet na utanzu wowote wa fasihi simulizi ya Kiswahili unaotumia majibizano. Muundo huo ungeweza kufundishiaje sayansi?